Dakika Tano za Draya

Jumatatu, 3 Novemba

Mimi! Wamenichagua mimi! Jumamosi Mama anahitimu darasa la watu wazima — miaka sitini na sita, cheti mkononi — na Mwalimu wao amenipigia simu leo, saluni ikiwa imejaa, kuniambia nizungumze kwa niaba ya familia zote. Nilipiga ukelele mpaka mteja niliyekuwa namsuka akadhani nimeona nyoka.

Dakika tano, kasema. Zikitimia kengele inalia, unakaa. Mwaka jana mzee mmoja alikatwa akiwa kwenye "nami napenda..." Mpaka leo hatujui alipenda nini.

Nimeandika kurasa nne, humu humu kwenye shajara. Mwanzo mzaha, katikati shukrani, mwisho lile jambo langu.

Hebu niliseme hapa kwanza, nizoee. Darasa la sita nilileta ripoti nyumbani. Mama hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Mwalimu alikuwa ameandika: Anaongea mno darasani. Mimi nikasoma: Mtulivu, mfano kwa wenzake. Mama alilia kwa furaha. Akaninunulia viatu vipya, na yeye mguuni alikuwa na kandambili zilizoshonwa kwa uzi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka thelathini na moja.

Nataka kulisema mwenyewe, mbele za watu, kabla hajajisomea. Maana sasa anasoma kila kitu! Juzi kausoma mfuko wa sabuni mwanzo mpaka mwisho, na anwani ya kiwanda juu yake.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepima. Saluni ina saa nzuri kuliko zote: draya ya kukaushia nywele. Unazungusha kitasa kwenye tano, inajihesabia, ikimaliza — ting! Nimemkalisha mteja chini yake, nikamsomea hotuba. Kwa ule mvumo hasikii hata neno, anatabasamu tu na kutikisa kichwa. Hadhira safi kabisa. Neno langu la mwisho na ting vikaja pamoja! Nikarudia kwa mteja wa pili, na wa tatu. Vilevile. Nimecheza peke yangu mbele ya kioo.

Jioni kwa Mama. Habari kubwa — kengele kakabidhiwa yeye! Ndiye mshika saa wa sherehe, kwa kuwa darasa zima hakuna anayeisoma saa kama yeye. Kengele yenyewe kaing'arisha kwa majivu mpaka unajiona ndani yake. Nikamuuliza kama na mimi atanipigia.

"Dakika tano ni tano, mwanangu. Hata kwa niliyemzaa."

Apige tu. Mimi na draya yangu hatuna wasiwasi.

Alhamisi, 6 Novemba

Kimenuka.

Nesi kaja kutengeneza nywele. Yule ana saa ya mkononi ambayo anahesabia mapigo ya moyo ya watu, haibishiwi. Nimemaliza hotuba, ting imelia, nikainama kwa madaha. Akatoa kichwa nje. "Shoga, hizo tano zako ni nane na ushee!"

Nikabisha. Tukapima upya, saa yake na draya yangu, bega kwa bega. Dakika nane na sekunde ishirini. Na hii draya ninayo mwaka wa tisa! Miaka tisa nawachoma watu masikio huku nikiwaambia vumilia, bado kidogo. Nesi kacheka mpaka rola zikamdondoka. Mteja mwingine kasema ndiyo maana kila akitoka hapa ana kiu. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Ila lile jambo langu liko ukurasa wa nne. Kengele italia nikiwa wa tatu.

Mume wangu ni fundi bomba, kwake kila kitu ni kukata na kuunga. Kasema nikate mwisho, ndiko rahisi. Mwisho ndio hotuba yenyewe! Basi soma haraka, kasema. Nimesoma haraka. Dakika sita, pumzi sina, na mtoto kaja mbio kutoka chumbani kuuliza kwa nini namgombeza baba.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekata. Mzaha wa mwanzo, kwaheri. Ndugu mwenyekiti, ndugu makamu, ndugu wageni — dakika nzima ya ndugu, nimewaweka wote kwenye sentensi moja wabanane. Kwa saa ya Nesi (kaniazima, Mungu ambariki) nimepata nne na nusu. Nikawasomea wateja. Wakacheka, wakapiga vigelegele, ikawa tano na nusu! Nani huhesabu vigelegele? Nikakata tena. Nne kasorobo.

Kisha Mama kapiga simu. Kalifungua sanduku la bati lenye karatasi zangu za shule. Anataka kitu cha kusoma, atulize moyo. Na ile ripoti imo humo! Nikamwambia Mama, leo si ungepumzika tu.

"Nimepumzika miaka sitini na sita," kasema, akakata simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Ukumbini. Naandika gotini, hotuba iko humu humu. Baada ya huyu anayezungumza ni mimi.

Mama yuko mbele, gauni la bluu, saa mkononi, kengele mezani. Hana mchezo! Mgeni rasmi kakatwa katikati ya "kwa heshima na taadhima". Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mgeni mwenyewe akacheka, akakaa. Ni mama yangu huyo! Najisikia kusimama juu ya kiti.

Asubuhi hakuniambia kitu kuhusu sanduku. Kaniangalia tu miguu.

Karatasi inapita mkono kwa mkono kutoka mbele. Imekunjwa mara nne. Ni yangu.

Naibandika hapa. Herufi kubwa, zinaegemeana, moja imefutwa na kuandikwa upya:

ANAONGEA MNO DARASANI. NIMESOMA JANA. VIATU VILIKUPENDEZA. SASA ONGEA.

Barua ya kwanza aliyowahi kuniandikia. Nalia, nacheka, jirani yangu hajui anipe leso au anipishe. Nimempenda mama huyu maisha yangu yote, ila leo nampenda kwa mwandiko wake.

Nimeinua macho. Hanitazami. Kachukua kengele, kaitia kwenye mkoba, kafunga zipu, mkoba kausukuma chini ya kiti. Sasa anavua na saa.

Mwalimu ananiita. Ananiita tena. Naenda, naenda! Ila nianzie wapi, maana mwisho wangu Mama keshausema —