Jalada la Chebet

Jumatatu, 3 Machi
Herufi tena, kutwa nzima. Za matoleo ya zamani ya jarida letu, la kuchangisha fedha za wodi ya watoto, ni ndogo kama sisimizi, na wanaolisoma wengi ni wazee waliostaafu. Nimezikuza. Kurasa zikazidi, nikarudi kukata. Hotuba ya mwenyekiti imebaki nusu ukurasa. Atanuna. Shauri yake.

Miaka yote jalada limekuwa watu wa suti, wamejipanga mstari nje ya wodi. Mgonjwa haonekani. Madam Jerotich, mkurugenzi wetu, hataki hiyo tena. "Nafula, mfadhili akilishika aone mtoto. Asituone sisi." Alikuwa matroni wa hospitali kabla ya kustaafu. Bado anatembea kimatroni.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata picha. Chebet, miaka tisa, kitanda cha dirishani, saratani ya damu. Nilikuwa nampiga picha kutoka kushoto, akanisimamisha. "Piga huku. Huku sijavimba." Kisha akashika kijiko cha uji kama kipaza sauti akawatangazia wenzake habari za wodi. Hapo ndipo nilipobonyeza. Amefungua mdomo, macho ameyafumba kwa kicheko.

Sijawahi kupiga picha nzuri hivi.

Ijumaa, 7 Machi
Madam amependa jalada. Maneno makubwa chini ya picha: CHEBET ANASHINDA. Nimeyatunga mwenyewe. Dawa zimemkubali, Sista Wairimu wa wodini anasema, na wiki hizi amekuwa akila.

Mama Chebet amefika kutoka Cheptiret na kutia sahihi fomu ya ruhusa. Ameisoma polepole, mstari kwa mstari. Akauliza ni watu wangapi wataona. Nikasema wengi. Akanyoosha blanketi la mtoto, ambalo lilikuwa limenyooka tayari.

Nimemwonyesha Chebet jalada kwenye kompyuta. Amesema masikio yake ni makubwa. Halafu akasema nisiyapunguze.

Jumanne, 11 Machi
Homa imempanda Chebet tangu jana. Wamemsogeza karibu na meza ya manesi. Sista Wairimu hakunitazama alipokuwa ananiambia.

Nimerudi ofisini nikasahihisha ukurasa wa kumi na nne. Mara tatu. Haukuwa na makosa.

Alhamisi, 13 Machi
Chebet amefariki. Alfajiri, mama yake akiwa naye.

Sista Wairimu alinipigia simu nikiwa napiga pasi. Naandika hili ili nisijidanganye siku moja: kitu cha kwanza nilichofikiria ni jalada. Mchapishaji anangoja Jumanne. Nilifikiria jalada kwanza, kisha mtoto.

Blauzi imeungua.

Ijumaa, 14 Machi
Madam ameamua tuweke mtoto mwingine. "Mpangilio ubaki vilevile." Nikamweka Akinyi, wa kitanda cha tatu. Imechukua dakika arobaini. Picha imeingia mahali pale pale, maneno pale pale, nimebadilisha jina tu. AKINYI ANASHINDA. Imekaa sawasawa kabisa.

Hicho ndicho kimeniumiza. Kwamba imekaa sawasawa.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika Chebet kwao, nje kidogo ya Cheptiret. Nimeenda na Sista Wairimu. Watu wengi, wanafunzi wa darasa lake wakiwa na sare. Jeneza dogo jeupe. Sikuweza kulitazama, nikawa natazama viatu vya watu.

Baada ya chakula Mama Chebet ameniita nyuma ya jiko. Nilidhani atanilaumu.

"Ile karatasi yenu, mlikuwa mmeandika nini juu ya mtoto wangu?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia. Chebet anashinda.

Akasema, bila hasira, "Usiandike alishinda. Na usiandike alishindwa. Hakuwa kwa mashindano. Aliugua."

"Ndiyo, Mama."

"Andika alikuwa amejua kusoma. Mwaka jana hakuwa anajua, huyo mwalimu wa wodi ndiye amemfundisha. Na picha uiache. Alisema watu wengi wataiona. Aliniambia kila siku."

Sikumwambia kwamba picha nimekwisha kuiondoa. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 17 Machi
Nimegombana na Madam. Sijawahi kugombana na mtu wa umri wake.

Nilimwambia mama wa mtoto anataka picha ibaki. Akasema hapana. Nikasema basi atafute mtu mwingine wa kumtengenezea jarida. Sina kazi nyingine ninayoijua, na nyumbani kwangu Kapsoya hakuna anayenidai isipokuwa tumbo langu, lakini tumbo nalo ni bwana mkali.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Unafikiri mimi sijui? Nimefunika watoto shuka mpaka nikaacha kuhesabu. Walio vitandani leo wanataka dawa leo. Msomaji akikutana na kifo anafunga jarida, analiweka chini ya magazeti. Akinyi atakula nini, huruma yako?"

Ana haki.

Nikiwa mlangoni nikarudia maneno ya Mama Chebet jinsi alivyoyasema, yote, hata lile la mashindano. Si kwa ujanja. Nilikuwa nimeyabeba tangu Jumamosi na yalinielemea. Madam akaniambia nirudie tena. Akayaandika nyuma ya bahasha. Akaniambia niende.

Nimefungasha vitu vyangu kwenye mfuko. Kikombe, kalamu, rula ya chuma.

Jumanne, 18 Machi
Saa nne Madam ameniita. Nimeingia na mfuko mkononi. Ameutazama akaniambia niuweke chini, si sokoni hapa.

Hakuwa amelala, inaonekana. Mezani kulikuwa na karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Barua ya mkurugenzi, mpya. Inaanza: "Mtoto aliye kwenye jalada alifariki tulipokuwa tukitayarisha jarida hili." Halafu inamweleza. Kijiko. Masikio, niliyowahi kumsimulia. Kwamba alikuwa amejua kusoma. Halafu inasema wodi ina watoto wengine na inasema wanahitaji nini, waziwazi, bila kubembeleza. Hakuna mahali neno kushinda limeandikwa. Nimetafuta.

"Simu za wafadhili zikiacha kulia," akasema, "mimi na wewe tutajibu mbele ya bodi."

Nimerudisha picha. Chini yake jina tu. Chebet. Nimemweka Akinyi ndani, ukurasa wa tisa, akichora, bila kumfanya mshindi wa kitu chochote. Hotuba ya mwenyekiti imeondoka yote ili barua ipate nafasi.

Saa kumi jioni kazi imekwenda kwa mchapishaji. Sikufurahi. Nimejifungia chooni nikalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Madam amepita koridoni, akasimama, akaenda zake.

Alhamisi, 27 Machi
Jarida limetoka. Wino umeshika vizuri. Mwenyekiti amepiga simu na hakusalimia. Mama mmoja ameandika tusimtumie tena, limemharibia siku. Nimemwondoa kwenye orodha. Nimeumia, lakini nimemwelewa.

Mchana mzee mmoja amefika kutoka Timboroa, koti la mvua mkononi. Ameomba nakala ya pili. Hakusema ni ya nani, na hatukumwuliza. Alikaa kwenye benchi akasoma barua ya Madam mpaka mwisho, kisha akakunja jarida ndani ya koti ili lisilowe.

Wengine hawajasema kitu. Hatujui bado. Madam anasema tungoje.

Jumamosi, 29 Machi
Cheptiret. Nyumbani hakukuwa na mtu. Jirani akanionyesha shamba.

Mama Chebet alikuwa anapanda mahindi na dada yake. Mvua imeanza na hawezi kungoja. Akaniambia nimwache amalize mstari kwanza. Nikavua viatu nikashika mbegu. Tulimaliza minne. Hakuna aliyesema kitu zaidi ya "sogea" na "hapo".

Akanawa mikono, akaifuta kwa leso mpaka ikakauka kabisa, ndipo akapokea jarida. Alitazama jalada muda mrefu. Akafungua, akasoma akiwa amesimama. Nilijua ameshafika kwenye kijiko kwa sababu alitoa sauti ndogo puani.

"Ni yeye," akasema.

Tukanywa chai. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, yake au yangu. Badala yake akaniuliza, "Na wale wengine? Akinyi anakula? Yule wa Mama Naliaka alitolewa dripu? Na yule kadogo alikuwa anatapika, wa mlangoni?"

Sikujua. Nimewapiga picha wote, na sikujua hata mmoja anaendeleaje. Nikamwambia nitauliza.

Jumapili, 30 Machi
Nimeenda wodini saa ya kuona wagonjwa. Kamera nimeiacha nyumbani. Nimekaa kitanda kwa kitanda. Sikujua mikono niiweke wapi, mwisho Akinyi akanipa machungwa nimenye.

Jioni nimempigia Mama Chebet. Nimemwambia mmoja mmoja. Akinyi amekula wali, kidogo. Wa Mama Naliaka ametolewa dripu na anatembea. Yule mdogo wa mlangoni bado anatapika, jina lake ni Yusufu.

Amesikiliza mpaka mwisho. Akarudia jina, Yusufu, kama mtu anayeandika. Kisha akaniuliza kama mvua imefika Kapsoya.

Imefika.