Albamu ya Neema kwenye cherehani

Jumanne, Mwanga

Miguu bado inacheza yenyewe! Tangu binti yangu Neema aache kwaya akatunge nyimbo zake, nimekuwa na wasiwasi. Leo kaniletea albamu, kaogopa nitaikataa. Nikamwambia nitasikiliza wimbo mmoja tu, huku nashona sare za kwaya.

Magitaa ni ya kizamani, kama redioni kwa marehemu baba, ila yanakimbia, na kiitikio kinanata. Kumbe nakanyaga cherehani kwa mdundo. Kuinua sare, nimeshona mikono yote miwili ikaziba!

Neema akacheka hadi akakaa chini. "Mama, umeipenda!"

"Nyamaza wewe. Rudisha ule wimbo wa tatu."

Nimemshukuru Mungu kwa sauti aliyompa. Sasa nafumua mishono, polepole, maana wa tatu umeanza tena.