Herufi Kubwa ya Jina Langu

Saumu, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Huku Mbagala sote wazima. Shangazi yako kajifungua wa kike. Unauliza kwa nini mwalimu wa Kiingereza anakukata maksi. Herufi kubwa hukaa mwanzo wa sentensi, na mwanzo wa jina la mtu popote lilipo.

Mie nilijifunza hilo darasa la jioni, Temeke, baba yako mgongoni. Mwalimu aliniita ubaoni niandike jina langu. Nikaandika Mama Hamisi; tangu nijifungue, hakuna aliyeniita vingine.

“Hamisi si huyo mgongoni? Wewe nani?”

Nikafuta. Kisha nikaikandamiza M kubwa ya jina langu mwenyewe mpaka chaki ikakatika. Nyumbani mawifi walinicheka kwa kusoma ukubwani, kesho yake nikarudi darasani.

Nawe usiliache somo hilo.

Bibi yako,
Mwanahawa