Nimemnyolea Baba Tenerife

Kaka Yohana, shikamoo.

Barua yako imenikuta huku Tenerife, kisiwa cha Wahispania, nikimkaangia samaki bwana wangu Mjerumani. Kumbe baba mmemzika zizini, kwa desturi yetu, tangu mavuno, nami nilikuwa nacheka na watu. Asubuhi nikanyoa kichwa chote, nikaenda sokoni. Mama muuza samaki, ambaye hunifundisha lugha yao kila siku, akacheka: "Chawa wamekushinda?" Nikamjibu kwa Kihispania, "Baba yangu amekufa." Kwa mara ya kwanza hakunisahihisha. Akavua kitambaa chake cheusi, akanifunga mkononi. Kwao msiba ni kuvaa nyeusi, si kunyoa kama kwetu.

Mvua ya hapa ni manyunyu tu, haikatiki. Mpe mama pole, asilale njaa. Nawe ukifungulia ng'ombe asubuhi, mwambie baba nimenyoa.

Mdogo wako, Musa