Hakuna Aliyemuuliza Mwenye Santuri

Kwa Shangazi yako,
Nyumba ya geti la buluu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi hajambo? Na mabinti, bado wanagombania kiti cha dirishani? Yale mafua uliyokuwa unayalalamikia yamekuacha, au bado unatembea na leso mkononi? Sisi huku tu wazima. Shangazi yako tu ndiye anayesumbuliwa na magoti kila anapopanda ngazi, na kila akipanda anakutaja wewe, kana kwamba ngazi ulizijenga wewe.

Najua utashangaa kupata karatasi. Nimeandika kwa mkono makusudi, na nitampa yule muuguzi jirani yetu anayerudi huko kazini kesho. Ningekuandikia kwenye simu ungenijibu kwa kidole gumba cha njano, na mimi kidole gumba sikitaki. Nina hasira, kaka. Nimekaa nayo siku tatu nikidhani itapoa, wapi!

Jambo lenyewe ni santuri za Mjomba, yaani za baba yako.

Alhamisi dada yako Kitinda alinipigia, akaniambia niende kwao na gari la mizigo kabisa. Santuri zinauzwa zote, mia sita na ushei, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeuza santuri kuukuu mtandaoni, wameona bora nipewe mimi kabla ya kuitwa mtu wa nje. Nikamuuliza kama Mjomba ameridhia. Akajibu, "Kaka mkubwa kasema tuuze tu, zinajaza chumba." Nilivyosikia umetajwa wewe, nikatulia. Sikugundua kwamba nimeuliza habari za baba nikajibiwa habari za mwana.

Sitakuficha, nilizitaka. Tangu mwaka uanze duka langu linapumulia mashine. Wateja wanataka bendi za zamani, mimi nimebaki na rundo la kwaya zilizopinda kwa joto, ambazo hata bure hazitoki. Mzigo ule wa Mjomba ungenivusha mwaka mzima. Tena unajua jinsi alivyozitunza: hashiki santuri ila kwa kingo, haiweki chini ila kwenye karatasi yake. Kazi hii mimi nimejifunzia magotini pake.

Nikafika na taa yangu, kitambaa laini na mashine yangu ndogo ya kupigia. Nikakuta zimepangwa sebuleni kwenye maboksi ya sabuni. Nikachomoa ya kwanza, nikaielekeza dirishani, nikaigeuzageuza. Haina hata mkwaruzo. Ya pili hivyo hivyo. Kufika ya tano nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya faida. Nikachomeka mashine ukutani nianze kusikiliza. Kitinda akaja mbio, akachomoa waya.

"Usipige, dada. Mzee atasikia."

Hebu rudia kuisoma sentensi hiyo, kaka. Mzee atasikia! Mwenye mali yuko chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, macho yameingia utando lakini masikio mazima kuliko yangu na yako, halafu mali yake inauzwa kwa kunong'ona. Na mimi nitoe pesa kwa santuri ambazo sijazisikia, niuziwe mbuzi kwenye gunia na ndugu zangu wenyewe! Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyemwambia.

Subiri, bado. Unakumbuka desturi yake. Miaka yote aliyopiga muziki kwenye shughuli za watu, nyuma ya kila jalada aliandika kwa penseli: siku gani, kwa nani, na nani aliinuka kucheza. Wengine tulikuwa tunazisoma zile habari kuliko kusikiliza muziki. Mimi nilijulia humo kwamba mama mkwe wa fundi viatu aliwahi kucheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Basi nikageuza jalada nisome. Jeupe. Nikachukua jingine. Jeupe. Nikaangalia chini ya kochi, nikaona vumbi la raba ya kufutia, limefagiliwa nusu nusu.

Kitinda alinieleza kwa fahari. Yeye na shemeji, mumewe, wamekaa wiki nzima wanafuta, boksi baada ya boksi, mpaka vidole vikaota malengelenge. Yamebaki maboksi mawili tu. Wamenirahisishia kazi! Nikafungua mdomo nimfokee, akaniwahi.

"Si wewe uliyesema jalada lililoandikwa linapoteza nusu ya bei?"

Nilisema, kaka. Ile siku ya kikao cha ukoo mwaka jana, nilipokuwa najitia mtaalamu mbele ya watu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu niliuchonga mwenyewe nikaugawa kwa ndugu.

Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kitinda amechoka. Yeye ndiye anayemwogesha Mjomba, anayemlisha, anayempeleka kliniki na kusimama naye foleni, wakati mimi na wewe tunatuma salamu. Anataka kile chumba amweke mtu wa kumsaidia, na ana haki nacho. Chumba hakinikasirishi hata kidogo. Kinachonichoma ni kunong'ona.

Tukiwa tunabishana hivyo hivyo, kwa midomo bila sauti, Mjomba akaita kutoka ndani. "Nani anagusa santuri zangu?" Alikuwa amesikia majalada yakisuguana. Kitinda akanisukuma kuelekea mlangoni. Shemeji akakumbuka ghafla ana kazi uani. Nikaingia mimi, jalada bado mkononi.

Alinijua kwa hatua zangu. Akanisogezea nafasi kitandani, akauliza nimeshika ipi. Nikamwambia ni ile yenye lebo nyekundu na mchoro wa tarumbeta. Akatabasamu, akasema nimsomee nyuma alikoandika.

Nilidanganya. Mzee hanioni, karatasi tupu mbele yangu, nikasema, "Harusi ya mwalimu. Watu walikuwa wengi." Naona aibu hata kuiandika.

Mjomba alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Hiyo si harusi. Ni mahafali ya wauguzi. Mvua. Umeme ukakatika wimbo wa pili, mwanangu mkubwa akaumalizia kwa mdomo, watu wakacheza hivyo hivyo."

Mwanangu mkubwa ni wewe, kaka. Ulikuwa na miaka tisa.

Akanyoosha mkono, akapapasa jalada. "Wamefuta?" Nikamwambia wamefuta. Na nilipoanza sikuweza kukoma. Nikamwambia kwamba zinauzwa, kwamba mimi ndiye mnunuzi, kwamba habari ya bei ya majalada ilitoka kinywani mwangu, na kwamba wewe ndiye uliyesema ziuzwe. Sikukusingizia na sikukufichia.

Nilijua atafoka. Nilitamani afoke. Akasema tu, "Ningeuza. Sina macho, nitazifanyia nini? Mwaka mzima nangoja mtu aniulize."

Hapo ndipo damu iliponichemka, na hadi leo inachemka. Watu wazima wanne! Wewe na amri zako kwenye kundi la familia, Kitinda na raba, shemeji na maboksi, mimi na taa yangu. Wote tunanyata eti tusimuumize mzee, na mzee alichokuwa anakingoja ni swali moja ambalo hata mgeni angeliuliza mlangoni. Ulikuwa unaogopa nini, kaka? Kwamba atakataa? Na angekataa, si zake? Ulipokuwa na pikipiki yako, aliiuza yeye bila kukuuliza? Kuishiwa macho hakumfanyi mtu kuwa fanicha, ambayo inasogezwa huku na huku wenye nyumba wakiona inabana.

Akamwita Kitinda. Hakumgombeza. Alimwambia ayalete yale maboksi mawili ambayo hayajafutwa, akayaweka kitandani upande wa ukutani, akasema hayo hayana bei. Kitinda akalia pale pale mlangoni, na mimi ambaye nilikuwa nimejiandaa kumsuta nikajikuta namshika bega. Halafu nikapiga santuri ya tarumbeta, kwa sauti kubwa, mlango wazi. Inasikika safi kabisa, kama unataka kujua.

Nilimuuliza bei ya zilizobaki. Nilimwambia nazitaka hata zikiwa zimefutwa, nitakaa naye aniambie habari za kila jalada na nitaziandika upya, kwa penseli, na mteja asiyetaka maandishi atafute duka jingine. Alilipenda hilo. Lakini bei alikataa kunitajia. Akasema bei anaitaja kwa yule aliyesema ziuzwe, basi.

Shemeji akatoa simu akupigie palepale. Mjomba akainua mkono.

"Asipigiwe. Apige."

Kwa hiyo hatujakupigia. Lakini kuandikiwa hakukataza, na ndiyo maana nimekaa kitako na kalamu. Sijanunua hata moja. Kuna mteja ananiuliza kila asubuhi kama mzigo umefika, na kila asubuhi namjibu bado, na mwezi huu ukipita hivi sijui duka litafungua mlango wa Aprili. Hata hivyo sitoi pesa mpaka Mjomba aseme bei kwa mdomo wake, baada ya wewe kumuuliza kwa mdomo wako. Nimekata shauri, usinibembeleze.

Nisalimie Wifi sana, mwambie ile khanga aliyoniachia bado naivaa. Mabinti wape busu mmoja mmoja, na wa dirishani asizidishiwe. Shangazi yako anakusalimu, anasema ule mboga. Kitinda anakusalimu pia, ingawa ana haya. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki huko uliko, akulinde na baridi, akurudishe kwetu ungali na nguvu za kupanda ngazi.

Simu ya Mjomba iko chini ya mto wake. Tangu Alhamisi, ikilia anaikamata yeye kabla ya Kitinda, anasikiliza ni nani, na akikuta si wewe anasema asante kwa adabu na kuirudisha chini ya mto.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo niliponuna,

Binti wa Shangazi