Majembe yao ninayo, lakini silangani hawaji

Kwako mshauri Bi. Sauda,

Salamu nyingi kutoka huku upande wa Mutomo. Msaada ndio naomba, sikuandika nisemwe, kwa maana kusemwa nimesemwa ya kutosha na watu wadogo kwangu. Barua hii naandika na mkono wangu, sikuandikiwa na mtu, nilisoma ngumbaru miaka miwili na mwalimu mwenyewe alisema kichwa changu ni cha kwanza, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni mkono wa kazi, sio ujinga.

Mimi ni mwenyekiti wa mwethya. Mwethya ni sisi wenyewe, watu arobaini na wawili, tunalimiana na kujengeana bila mshahara, hakuna aliyeandikwa. Tangu mwaka wa sitini na sita filimbi ya kuita watu kazini ni yangu, miaka minane sasa. Mitaro yote ya hiki kilima ni filimbi yangu ilichimba. Madarasa matatu ya shule ni filimbi yangu. Zamani nilikuwa nyapara wa barabara, nimesimamia wanaume mia moja na hakuna aliyekaa chini mpaka niseme kaa, na hawa wa mwethya niliwaanza hivyo hivyo, mwenyekiti hachimbi, mwenyekiti anasimama juu aone nani anachimba na nani anajikuna mgongo.

Sasa tunajenga silanga, bwawa la kushika maji ya mvua, kwa mto wetu, ukuta wa udongo, miaka miwili tunabeba udongo na karai, huku umepanda na kule umepanda na katikati kumebaki nafasi pana kama nyumba mbili, na mvua ya Novemba ikikuta hiyo nafasi iko wazi maji yatapita hapo yabebe ukuta wote, na sisi turudi kufukua mchanga kutafuta maji na punda wafe tena kama mwaka ule wa ukame.

Sheria ya mwethya tangu babu zetu ni hii, ukikosa kazi wenzako wanakuja kwako wanachukua kitu, sufuria au kuku, wanakaa nacho mpaka ufanye zile siku ulikosa. Mimi nikaona sufuria haiumi, mtu anapika na chungu. Nikasema tutachukua jembe, jembe ndio mkono wa mkulima, hapo atasikia. Na nikaongeza sheria ya pili, anayekuja silangani mikono mitupu arudi kwake, hahesabiwi kama amekuja. Wakapiga makofi. Walipiga makofi, Bi. Sauda, usije ukaambiwa hawakupiga.

Mwezi wa sita nilikuwa na majembe manne kwa ghala. Mwezi wa nane kumi na tisa. Wiki iliyopita yalifika thelathini na moja, nimeyapanga vizuri, hakuna lililoshika kutu, mimi si mwizi.

Mkubwa wa ubishi ni Kasyoka, mjane wa rafiki yangu. Alikosa Jumatatu mbili akasema alikuwa na mjukuu hospitalini, akanionyesha na kadi. Nikamwambia kadi haichimbi. Juzi amekuja kwangu mbele ya watu.

"Mwenyekiti, nipe jembe langu nije silangani."

"Njoo silangani kwanza umalize siku zako, ndio nikupe jembe."

"Nije nichimbe na nini, na meno?"

"Hayo ni mambo yako na meno yako."

"Haya. Na meno yenyewe yamebaki manne tu. Utakuja kuyachukua lini uyaweke ghalani?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ua, na hapo nikajua heshima imeharibika. Nikaenda kwa naibu wa chifu anishikie watu. Kijana mdogo, mimi nilimjua akiwa hana suruali. Akaniambia, "Mzee, hii ni kazi ya kujitolea. Nitamfunga mtu kwa sababu amekosa kujitolea?" Akacheka hata yeye.

Jumatatu nimepuliza filimbi mpaka mdomo ukakauka. Alikuja mtu mmoja, mke wangu Syokau. Akachimba peke yake, karai moja moja, anajaza anabeba anarudi, na mimi nimesimama juu ya ukuta kama kawaida yangu. Saa nne akapanda, akaweka jembe lake hapa miguuni, akasema, "Baba Mutie, hata hili shika." Akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo chakula ananiwekea lakini neno hasemi, na mimi sitaanza kusema, mimi ni mwanaume. Sasa ni thelathini na mawili.

Nifanye nini hawa watu warudi kabla ya mvua? Niongeze adhabu nichukue na mapanga? Kuacha kiti usiniambie, bila mimi hawa si kitu. Niandikie haraka, mawingu nimeyaona upande wa Ikutha.

Ni mimi,
Mwenyekiti Nzuki wa Mbuvi

*

Mzee Nzuki,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka pamoja na wale walioshika ua. Ya pili nilihesabu majembe. Umeomba usisemwe; basi ungemwandikia mwingine.

Umemnyang'anya mtu jembe kwa kuwa hakuja, halafu umemfukuza alipokuja kwa kuwa hana jembe. Sasa unauliza mbona hawaji! Waje vipi, mzee wangu? Kazi ya silanga umeifungia ghalani kwako na ufunguo uko kiunoni mwako. Na ukichukua mapanga, mwezi ujao utaniandikia kwamba hakuna wa kukata kuni.

Walipiga makofi, nakubali. Kila mmoja alidhani litakalochukuliwa ni la jirani.

Wale wanaume mia moja wa barabarani walikutii kwa sababu mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara. Hawa wamekupa siku zao bure kwa miaka minane, na katika barua yote hiyo ndefu sikuliona neno asante. Ila filimbi nimeiona. Tangu lini filimbi ikachimba mtaro?

Najua inauma. Mtu aliyeamka kabla ya wenzake miaka yote hiyo, kisha akapuliza na kusikia upepo tu, hawezi kulala vizuri. Lakini huna wakati wa kulia. Mvua haingoji mwenyekiti apoe.

Fungua ghala leo. Usiite mkutano, usitume mtu. Yabebe mwenyewe begani, mawili mawili, nyumba kwa nyumba, hata ikichukua siku tatu. Mpini uliolegea, ukaze kwanza. Anza na la Kasyoka. Ukifika umuulize mjukuu anaendeleaje, kisha ufunge mdomo usikie jibu. Aliyekuwa akiuguza hakukosa kazi; mwambie hivyo, na uyaseme palepale penye ua, mbele ya watu, kama ulivyomfukuza. Sheria ya mikono mitupu ife. Mwenye mikono atabeba karai.

Filimbi uiweke chini siku mtakapokutana, waseme wenyewe nani aipulize. Wakikurudishia, vyema. Wakimpa mwingine, akiipuliza uitike wa kwanza. Na mkeo anza wewe kumsemesha, leo jioni, kabla hujashika sahani. Uanaume gani huo wa kumnunia anayekupikia?

Jambo la mwisho. Nimehesabu majembe thelathini na mawili katika barua yako, na lako halimo. Kwa hivyo utarudisha thelathini na moja. La mkeo usilirudishe, wala usilipange na mengine. Hukumwelewa yule mama. Alikuachia wewe.

Alhamisi asubuhi shuka ukutani, uingie pale katikati palipo wazi. Huenda hakuna atakayekuja siku hiyo, wala Jumatatu itakayofuata. Umewachosha sana, na mengine huwa hayarudi hata ukiyabeba begani. Usigeuke kuangalia kilimani nani anakuja. Chimba.