Sare Nilizozishona Mwenyewe

Shoga, uko? Hebu sikia haya.

Unazikumbuka zile sare za walinzi nilizoshona, nikidhani ni za kiwandani? Leo nimezikuta barabara kuu! Waliozivaa wameweka kizuizi, magari yanalipishwa kupita.

Nikamuuliza mlinzi, hii barabara si ya serikali? Akasema, "Mama, ina mwenyewe sasa." Ina mwenyewe! Nani? Hajui. Madereva wanapiga kelele, hakuna anayejua. Na ile kola shingoni mwake nimeishona mimi. Nakaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe!

Nimerudi dukani nimenuna, nakuta mteja yuleyule aliyeagiza zile za kwanza kaleta oda nyingine. Sare zilezile, ila safari hii anataka nidarizi jina kifuani.

Shoga, ni jina la mtaa wetu.